Kope kwenye Kitunguu

Mimi ni mtu wa hasira, na walionijua wakati wa vita vya pili vya kwetu watasema hapo nimejihurumia. Nilikuwa mwalimu wa biolojia kwenye shule moja ya Kadutu, mtaa wa Bukavu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mishahara ilikuwa hadithi ya zamani, na kila asubuhi nilipanda kilima na chaki zangu kwenda kuwachorea wanafunzi wa mwaka wa sita seli ya kitunguu ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona tangu usichana wangu. Mimi nilichora ubaoni, wao wakachora kwenye daftari, na aliyechora vizuri kuliko ubao nilimpa alama zote. Nilirudi nyumbani nimenuna, maana niliona kazi yangu ni kuwafundisha watu kutazama ilhali hawana cha kutazama.

Jumamosi moja nilishuka sokoni kutafuta sambaza, wale dagaa wa ziwani. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, maturubai ya wauzaji yalikuwa yanapigapiga, na mama mmoja muuza sombe, majani ya mihogo, alikuwa ameligandamiza la kwake kwa kitu cha chuma chenye shingo. Nilisimama. Ilikuwa mikroskopi. Ilikuwa imelala ubavu kati ya mafungu ya sombe, na kioo chake kikitazama matope.

Niliitambua papo hapo, kama mtu anavyotambua mwendo wa shangazi yake kwa mbali. Nilisoma sekondari kule Mumosho, nje ya mji, kwa bibi yangu, na shule yetu ilikuwa na mikroskopi moja tu. Mwaka wangu wa nne mguu wake ulilegea, na mwalimu wetu wa biolojia akaufunga kwa ukanda wa mpira mwekundu alioukata kwenye mfuko wa maji ya moto wa masista, ule wa kukandia tumbo. Mimi ndiye niliyemshikia ncha ya mpira wakati anauzungusha. Kioo cha chini cha kuvutia mwanga kilikuwa kimevunjika zamani, akakibadilisha kwa kioo cha mkobani cha mke wake. Mpira mwekundu ulikuwa pale. Kioo cha mke wake kilikuwa pale pia, na ufa kwenye pembe.

"Maman, hii kintu uliipata wapi?" nilimwuliza muuza sombe.

"Basoda njo baliiacha hapa, bakaenda zabo. Iko nzito, inakamata bâche muzuri. Unaitaka?"

Kumbe ni askari walioiacha, na kwake ikawa ya kushikia turubai. Niliitaka hata mikono ikaniwasha. Sikuwa na kitu mfukoni, kwa hiyo nilivua kikwembe changu cha juu, kitenge cha kujifunika, nikampa. Aliguna, akakiinua kwenye mwanga, akakikunja haraka kabla sijabadili mawazo. Nilipanda mteremko wa Kadutu na kikwembe kimoja kiunoni, mikroskopi kifuani, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu vita vianze.

Sasa nitaeleza nilichofanya siku hiyo hiyo mchana, kwa sababu kila kitu kingine kinatoka hapo. Nilikaa kwenye mkeka, nikachukua wembe, nikakata ule mpira mwekundu. Ulikuwa umekauka na kushikana na chuma, ukatoka vipande vitatu. Mahali pake nilifunga ukanda mweusi wa mpira wa ndani wa baiskeli. Nilijiambia kwamba rangi nyekundu ingevuta macho ya askari. Vile vipande vitatu nilivitia kwenye kopo la chaki, chini kabisa, na sikujiuliza kwa nini sikuvitupa.

Kuhusu mwenye mali nilikuwa na maelezo ya kutosha. Watu walisema ile shule ya Mumosho imeng'olewa mabati. Walisema mwalimu amevuka mto Ruzizi, wengine wakasema amekufa. Mimi ambaye kwa kawaida siamini hata bei ya nyanya mpaka niulize kwa wauzaji watatu, habari hizo niliziamini mara moja.

Jumatatu niliweka mikroskopi juu ya meza karibu na dirisha. Kama ungeona lile darasa! Wanafunzi hamsini na zaidi walipanga foleni bila kupigiwa kelele. Nilibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, nikaiweka kwenye kipande cha kioo, nikatia tone la yodi. Walikuja mmoja mmoja, wakatazama, wakarudi kwenye dawati wakachora walichokiona.

Kulikuwa na msichana mmoja wa Shabunda, mkubwa kuliko wenzake kwa miaka miwili aliyoipoteza msituni na mama yake wakikimbia. Sketi yake ya shule alipewa na mtu mfupi, ikamfika juu ya magoti, na alikuwa akiivuta chini kila anaposimama. Hakuongea sana. Siku hiyo aliniletea mchoro wake mwenyewe bila kuitwa. Seli zilikuwa zimepangwa vizuri kama matofali, lakini pembeni alichora vistari vyeusi, vinene, vimepinda.

"Hii ni nini?" nilimwuliza.

"Madame, kitunguu iko na manyoya."

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona uso wake, nikaacha. Nilimrudisha kwenye mikroskopi nikamfundisha nilivyofundishwa na yule mzee, mwalimu wangu wa Mumosho, neno kwa neno, kwa sababu kosa hilo nililifanya na mimi nikiwa na umri wake.

"Zungusha," nilimwambia. "Kwanza sukuma kioo chenye kitunguu. Ile yenye kusogea pamoja na kitunguu, iko ya kitunguu. Kisha zungusha kioo cha juu, hiki cha kuwekea jicho. Ile yenye kuzunguka nacho ni uchafu wa kioo. Halafu pepesa macho. Ile yenye kupepesa pamoja na wewe, ni wewe."

Alisukuma, akazungusha, akapepesa.

"Ni kope zangu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Wiki kama tatu hivi nilikuwa malkia wa shule. Lakini kuna kitu kilinisumbua, na kilikuwa na tabia ya kuja wakati naosha vyombo. Sikukiita jina. Kilikuja tu, nikawa mkali kwa mama yangu, niliyekuwa ninaishi naye, kwa mambo ya chumvi na kuni.

Hapo ndipo binamu yangu, aliyekuwa anasomea falsafa chuo kikuu, aliponiazima rundo la kurasa alizokopi, za Kifaransa, zimefungwa kwa uzi. Zilikuwa zinajadili swali ambalo sikuwa nimewahi kulisikia likiulizwa waziwazi. Kama sisi tumetokana na viumbe waliotutangulia, na kama kila tulicho nacho mwilini kimebaki kwa sababu kiliwasaidia hao kuishi na kuzaa, basi na dhamiri pia ni hivyo. Waliojisikia vibaya wakiwaibia wenzao, wenzao waliwavumilia. Wasiojisikia vibaya walifukuzwa wakaliwa na chui. Kwa hiyo ile sauti inayosema "hili ni baya" haikuwekwa ndani yetu ili ituonyeshe ukweli. Imewekwa ili tusifukuzwe. Ingeweza kusema chochote, mradi tuishi. Na kama ni hivyo, nani atasema kwamba anajua jema na baya? Labda hajui mtu yeyote.

Nilizisoma kurasa zile kama mgonjwa aliyeandikiwa na daktari cheti cha kutokwenda kazini. Nililala vizuri. Ile sauti ya wakati wa kuosha vyombo sasa nilijua ni nini: ni kengele ya babu zangu wa msituni, inalia bila sababu ndani ya kichwa cha mwalimu wa Kadutu. Nilipozisoma sikufikiria hata kidogo kwamba zinahusu mikroskopi. Ndivyo nilivyokuwa mjanja, nilijificha hata mimi mwenyewe.

Na kwa kuwa mwalimu hawezi kunyamaza na kitu kipya, niliwafundisha. Ilikuwa somo la mageuzi, nikaongeza la kwangu mwishoni. Niliongea vizuri, nilijisikia nina akili. Nilipomaliza, yule msichana wa Shabunda alisimama, akavuta sketi yake.

"Madame, niko na swali. Bale batu balichoma kwetu. Balikosa, ao ni mwili yetu tu njo inasema balikosa?"

Sikuwa nimemtazama wakati nafundisha. Ningemtazama nisingefundisha. Wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa, kwa maana karibu kila mmoja alikuwa na jina lake la kuweka kwenye swali lile.

"Biolojia haijibu swali hilo," nilisema.

"Siulizi biolojia, Madame. Ninakuuliza wewe."

Hasira ilinipanda, ile hasira ya mtu aliyeshikwa. Nikamjibu kwa sauti ya kurasa zile, kwamba hatuwezi kujua. Kwamba tunaona ubaya, ndiyo, lakini hatuna njia ya kujua kama ubaya uko kwenye kitu au uko kwenye jicho letu.

"Iko njia," alisema. "Si ulitufundisha kuzungusha? Mimi nilizungusha, Madame. Nilifanya sawa kama ni mimi niko nachoma, ni mama ya mwengine njo anakimbia na mutoto. Nilifanya hata sawa kama ile siku batu betu njo balikuwa na bunduki, na balichoma ya wengine. Nilipepesa macho sana. Haisogee. Iko pale pale."

Aliketi. Kengele ililia, niseme ukweli niliishukuru. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, na sikujua kama nimekasirika naye au najionea aibu. Nadhani vyote viwili.

Jumapili iliyofuata mama yangu alirudi kutoka kwenye kilio cha jamaa wa upande wao. Alikuwa anavua viatu mlangoni, akaanza kusimulia nani alikuja na nani hakuja.

"Na ile mwalimu yako ya Mumosho, nilimuonaka," akasema. "Amekonda, mais lakini iko muzima. Anafundisha chini ya bâche. Anasema anachora seli na makaa, juu chaki hakuna. Aliuliza: mutoto yangu ya bio anafanya nini sasa? Nikamuambia uko mwalimu sawa na yeye. Alifurahi, unajua? Alikamata mikono yangu yote mbili."

Sikula siku ile. Mama alidhani ni malaria, akanichemshia mchaichai, nikanywa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana.

Kesho yake mchana, wanafunzi wameondoka, nilibaki darasani na ile mikroskopi. Nikaamua kuzungusha kweli, bila kujihurumia. Nilijiweka mahali pa mzee: mwanafunzi wangu mwenyewe, niliyemfundisha kutazama, amekaa na mali yangu na ameibadilisha mpira ili nisiijue. Haikusogea. Nilimweka mtu nisiyemjua kabisa mahali pangu, na mtu nisiyemjua mahali pa mzee. Haikusogea. Nikajiweka mimi ndiye muuza sombe, ndiye askari, ndiye mwanafunzi wa Mumosho anayechora seli kwa makaa. Kila nilipogeuza, ule uovu mdogo ulikaa palepale kwenye kioo cha chini, umetulia kama seli.

Lakini kuna kitu kingine kilichosogea, na sipendi kukisema. Mtaani kwetu kulikuwa na familia moja ambayo niliacha kuisalimia tangu vita vianze, kwa sababu ya lugha waliyoongea nyumbani, ile ya wakubwa wa waasi. Hawakunifanyia chochote. Nilikuwa na hakika kamili kwamba ni watu wabaya, hakika ya moto, ya tumboni, yenye nguvu kuliko ile ya mikroskopi. Nilipojiweka mahali pao, nikatoka asubuhi na kupishana na mwalimu wa Kadutu anayegeuza uso, hakika yangu yote ilipepesa nikabaki sioni kitu. Zilikuwa kope zangu. Zile kurasa za binamu hazikusema uongo, basi. Kweli kuna mambo ambayo damu inatuambia ni mema na mabaya, na ni damu tu inayoongea. Kosa lao, au kosa langu nilivyozisoma, lilikuwa kudhani kwamba ukishaona kope basi hakuna kitunguu.

Jioni ile nilimsalimia mama wa familia ile. Alishtuka hata akaangusha ndoo. Kisha akaitikia.

Jumamosi niliamka kabla ya mama, nikaweka mikroskopi ndani ya kitunga, nikaifunika kwa sombe, na lile kopo la chaki nikalitia pembeni. Barabara ya kwenda Mumosho ilikuwa na sifa mbaya miezi ile. Nilitembea nyuma ya akina mama wawili waliokuwa wanarudi kutoka kuuza ndizi, nikajifanya wa tatu wao. Tulipofika kwenye kizuizi, askari mmoja, kijana mwenye macho ya usingizi, aliwaachilia wao akanisimamisha mimi.

"Maman, unabeba nini?"

"Sombe, chef."

"Na chini ya sombe?"

Aliitoa mwenyewe. Aliigeuza, akaitazama kama watu wanavyotazama mashine ya kushonea iliyoharibika. Nilimweleza ni ya shule, ya kutazamia vitu vidogo. Akataka kutazama. Basi nikabandua ngozi ya kitunguu kwenye mzigo wa mama mmoja aliyekuwa anangoja, nikakitega kioo cha chini kuelekea juani, na askari wa waasi akainama barabarani, bunduki mgongoni, akaweka jicho.

"Naona nyumba nyingi," akasema. "Na majani nyeusi."

"Pepesa macho, chef."

Akapepesa. Akacheka mpaka mwenzake aliyekuwa amekaa kivulini akaja naye kutazama kope zake. Walipochoka akaniuliza ninaipeleka wapi. Sijui nini kilinishika, labda ni jua, nikamwambia ukweli: iliibwa kwenye shule ya Mumosho wakati wa vurugu, nami nairudisha.

Uso wake ulibadilika. Nilidhani nimejimaliza.

"Kitu ya shule haiko ya kuiba," alisema. "Ile haiko muzuri. Enda, maman. Iangalie isikuvunjikie."

Nilicheka peke yangu kilomita nzima, maana nani aliyeing'oa shule ile mabati kama si wao? Halafu nikaacha kucheka. Alikuwa amelisema bila kufikiri, kama mtu anayekuonyesha jiwe barabarani usije ukajikwaa. Hakuwa na faida yoyote kulisema. Na yawezekana ndiye aliyeibeba mikroskopi kutoka shuleni.

Mzee alikuwa nyuma ya kanisa, ameinama anapanga matofali ya udongo kwa ajili ya ukuta mpya. Hakunitambua mpaka nilipomwita kwa namna tuliyokuwa tunamwita shuleni. Alinyooka, akafuta mikono kwenye suruali, na mimi nikaweka kitunga chini nikaanza kutoa sombe, haraka, kwa sababu nilijua nikianza na maneno nitaanza kwa kujitetea.

Aliishika mikroskopi kwa mikono miwili. Aligusa kile kioo cha mkobani na kidole. Baadaye kidole kikashuka hadi mguuni, kikasimama kwenye mpira mweusi.

"Papa, huo niliubadilisha mimi," nilisema. "Niliijua tangu sokoni. Niliikata mpira yako ili mutu asiijue."

Nikafungua kopo la chaki nikampa vile vipande vitatu vyekundu. Nililia, si kwa uzuri, pua ikinitoka. Yeye aliviweka kiganjani akavihesabu kwa macho.

"Hukuvitupa," alisema.

"Hapana, papa."

Alikaa juu ya matofali, akafungua ule mweusi, akaanza kuviunganisha vile vyekundu kwa mafundo. "Shika hapa," akasema, akanipa ncha. Nikaishika, kama zamani, naye akazungusha.

Tulipokuwa tunafunga nilimsimulia yote, kurasa za binamu, swali la msichana wa Shabunda, na jibu langu baya. Hakuonekana kushtushwa na kurasa. Aliuliza tu: "Na jicho? Jicho nalo lilitoka wapi?"

Nilimjibu kwamba lilitoka kulekule, kwa wale waliohitaji kuona matunda na chui.

"Halikutengenezwa kwa kuona seli ya kitunguu."

"Hapana."

"Mais unaiona. Unakosea, unazungusha, unaiona. Na ile akili yenye kuandika kwenye karatasi kwamba hatuwezi kujua, hiyo nayo ilishuka mbinguni? Ilitoka kulekule tu. Mwandishi akiiamini hiyo kwa kuandika, anaanza vibaya kukataa ile ya dhamiri."

Nilimbishia, ndivyo alivyonilea. Nilimwambia kwamba hata mkono unaozungusha ulitoka kulekule, na hata ile hamu ya kujiweka mahali pa mwingine labda ilibaki kwa sababu ilisaidia watu kuishi pamoja. Basi tunapimia nini? Alifunga fundo la mwisho, akalivuta kwa meno.

"Hiyo sijui," alisema. "Nimezeeka nayo. Utazeeka nayo na wewe. Mais haikukuzuia kutembea kutoka Bukavu."

Nimeshazeeka nayo kiasi, na bado sina jibu kamili. Lakini sijawahi tena kuogopa kulisikia swali hilo likiulizwa.

Kabla sijaondoka tulikubaliana. Mikroskopi ingekaa Mumosho, na miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa ingepanda Kadutu, kisha irudi. Alilisema yeye, mimi nisingethubutu. Alisema kitu kama hicho kikikaa mahali pamoja kinashika kutu. Ilipanda na kushuka hivyo mpaka vita vikaisha, kila mara chini ya sombe, na nusu ya wale wa kizuizini walikuwa wanaijua kwa jina.

Jumatatu darasa lilikuta meza ya dirishani tupu. Walidhani imeibwa. Niliwaambia ndiyo, iliibwa, zamani, na aliyekaa nayo akijua ni mimi, na sasa imerudi kwa mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, hata kwa dharau. Yule msichana wa Shabunda akasimama, akavuta sketi.

"Madame, wewe njo ulisema hatuwezi kujua kama kitu iko mubaya. Sasa wewe ulijua namna gani?"

Nilikuwa nimebeba kichwani hoja zote za njiani, za jicho na za akili na za mkono. Niliziacha.

"Nilikata mpira," nilimwambia.

Nikawasimulia habari ya mpira mwekundu, mkeka, wembe, na kopo la chaki, na nilivyoificha kabla mtu yeyote hajaniuliza. Hakuna aliyecheka. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akafungua daftari. Nilipopita kati ya madawati nilisoma alichoandika. Chini ya swali lake la waliochoma kwao, alilokuwa amelinakili kwa herufi kubwa, aliandika kwamba Madame alikata mpira, na chini ya maneno hayo alikuwa amepiga mistari miwili kwa rula, kama nilivyowafundisha kupiga chini ya jibu.